Julia Yuko Wapi?

Nilimaliza Firewatch saa nane na robo usiku, Disemba ya 2021, nikiwa nimejikunyata kitandani katika chumba changu kimoja cha Kahawa West, blanketi mabegani, chai imepoa zamani. Majina ya watengenezaji yalipoanza kupanda kwenye skrini nikatukana. Si tusi la kuandikwa hapa. Halafu, kwa hasira ya mtu aliyekatiwa simu katikati ya maneno, nikafungua ukurasa wa gemu hiyo pale Steam nilikoinunua, nikabonyeza kidole gumba kinachoelekea chini, nikaandika: Mwisho bure kabisa. Saa nne za maisha yangu ambazo sitarudishiwa.

Steam ina tabia ya kuweka kando ya maoni yako idadi ya saa ulizocheza, kama karani anayethibitisha kwamba kweli ulikuwepo. Yangu ilisema 4.3.

Simu ilikuwa kando ya mto, nimeilaza kifudifudi. Nilipoigeuza nikakuta simu tatu ambazo sikuzishika, zote za dadangu, kutoka Kisauni. Nikajiambia saa nane usiku si saa ya kumpigia mtu. Hilo lilikuwa kweli. Pia ilikuwa kweli kwamba yeye alipopiga ilikuwa saa tatu.

Nitaieleza gemu yenyewe mpaka mwisho wake, kwa hivyo kama ulikuwa unapanga kuicheza, shukia hapa, steji inayofuata iko mbali.

Firewatch ilitoka Februari 2016. Waliounda ni Campo Santo, wakati huo kampuni ndogo ya San Francisco, na hiyo ndiyo ilikuwa gemu yao ya kwanza. Haina bunduki wala majini wala alama za kukusanya. Wewe ni Henry, mwanamume wa makamo mwenye kitambi, unayekwenda kuishi peke yako juu ya mnara katika msitu wa Shoshone, jimbo la Wyoming, kiangazi cha 1989. Kazi yako ni kuchungulia moshi. Ni mwaka mmoja tu baada ya moto mkubwa wa Yellowstone, ambao ulipita katika zaidi ya theluthi ya hifadhi ile, kwa hivyo kazi yenyewe si ya utani. Mwenzako pekee ni Delilah, mkubwa wako, aliye kwenye mnara wake kule mbali kwenye mlima mwingine. Mnazungumza kwa simu ya upepo. Hamwonani hata siku moja. Mnataniana, mnagombana, anakuelekeza njia, anakuuliza maswali yasiyomhusu, na la kwanza kabisa anataka kujua una kasoro gani, maana kwa hesabu yake hakuna mtu mwenye maisha yaliyonyooka anayeomba kazi kama hiyo.

Msitu ni mzuri ajabu. Umechorwa kama mabango ya zamani ya utalii, machungwa juu ya machungwa, na jua la jioni likipita kati ya miti unasimama tu. Kuna kobe unaweza kumwokota ukampeleka kwenye mnara wako ukampa jina. Mimi wangu nilimwita Matatu.

Lakini kabla ya msitu kuna Julia. Gemu inaanza kwa maandishi matupu na piano. Ni 1975, uko baa mjini Boulder, unamwona mwanamke. Unachagua umwambie nini. Mnapendana. Mnachagua mbwa. Miaka inapita sentensi kwa sentensi, na katikati ya sentensi hizo Julia, mwanamke msomi na mcheshi, anaanza kusahau. Ni Alzheimer, ile inayokuja mapema. Unaulizwa: utampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, au utamtunza mwenyewe nyumbani? Unachagua. Halafu, vyovyote uchaguavyo, wazazi wake wanakuja kumchukua, wanampeleka kwao Australia, na wewe unabaki na nyumba tupu na chupa. Ndipo unapoona tangazo la kazi msituni.

Hapo ningepaswa kufunga laptopu nikalala.

Mamangu alianza kusahau 2019. Alikuwa mshonaji, cherehani yake ilikaa barazani, na nusu ya sare za shule za mtaa wetu zilipitia mikononi mwake. Mwanzo alikuwa akisahau vipimo. Baadaye akasahau ni nani aliyeleta kitambaa. Kisha ikaja tabia ambayo dadangu alinieleza kwa simu nikacheka, Mungu anisamehe: usiku anaamka, anachukua nguo iliyo nzima, anaifumua mshono mmoja mmoja kwa wembe, na kukicha amekaa katikati ya vipande anauliza kazi hii ni ya nani. Dadangu alikuwa mwalimu wa chekechea. Aliacha. Mimi nilikuwa na kazi Nairobi, na kila tarehe mbili nilituma pesa. M-Pesa ilinirudishia ujumbe wa kuthibitisha, na ujumbe ule niliuchukulia kama cheti.

Treni ya kwenda Mombasa siku hizo ilikuwa elfu moja, mwendo wa saa tano hivi. Gemu niliinunua kwa kipunguzo, kama mia sita. Hesabu hiyo sikuipiga wakati ule.

Sasa, kilichonikera. Mbele kidogo katika kiangazi kile mambo yanaanza kuharibika. Wasichana wawili uliogombana nao ziwani wanapotea. Waya wa simu umekatwa. Mtu ameingia mnarani mwako. Halafu siku moja unaokota karatasi na kukuta maneno yako na ya Delilah yameandikwa, yote, hata yale uliyomwambia usiku kwa sauti ya chini. Kuna eneo limezungushiwa ua, lina mitambo ya utafiti. Mimi nilikuwa nimekaa wima. Nilishajua: ni serikali. Ni majaribio. Henry na Delilah ni panya wa maabara. Nilikuwa na daftari, wallahi, nimeandika majina na tarehe.

Kumbe hakuna. Kituo kile ni cha watu wanaochunguza kulungu. Wasichana wako salama. Aliyekuwa akisikiliza ni mtu mmoja, Ned, aliyewahi kufanya kazi katika mnara huo huo wako miaka kadhaa nyuma, akiwa na mwanawe Brian wa miaka kumi na miwili, ambaye hakuruhusiwa kuwa pale. Brian alianguka pangoni akafa. Ned hakuweza kurudi mjini na habari hiyo, akajificha msituni, na alipoona Henry anakaribia pango akazusha njama ya kumtisha. Delilah naye alijua mtoto yuko pale na alinyamaza. Basi. Msitu unawaka, helikopta inakuja, unakimbia kwenda kwenye mnara wa Delilah ukijua hatimaye utamwona, unafika, na ameshaondoka. Kiti chake kipo. Unazungumza naye kwa simu ya upepo mara ya mwisho. Anakwambia uende ukamwone Julia. Unanyoosha mkono, unavutwa ndani ya helikopta, mwisho.

Nilipomaliza kuandika maoni yangu nikaanza kusoma ya wengine, kutafuta wenzangu. Nikawakuta tele. Ingawa wengi zaidi waliipenda, hasira ya wasioipenda ilikuwa ya aina moja, kana kwamba walikaa darasa moja. Walijengewa fumbo halafu fumbo likageuka moshi. Chaguo lao halikubadilisha chochote. Gemu ni fupi, imeisha jioni moja, na wapo waliouliza kama wanaweza kudai pesa zao. Na zaidi ya yote, Delilah: kwa nini hakungoja? Watu walikuwa na uchungu wa kweli juu ya Delilah. Wengine waliandika kama wachumba walioachwa kituoni.

Katikati ya maoni hayo kuna rundo la Septemba 2017 ambalo halihusiani kabisa na hadithi. PewDiePie, aliyekuwa na wafuasi wengi mno YouTube, alitamka tusi la kibaguzi dhidi ya watu weusi akicheza gemu nyingine moja kwa moja mbele ya watazamaji. Sean Vanaman wa Campo Santo akatangaza kwamba watatumia sheria ya hakimiliki kuondoa video ambazo huyo bwana alikuwa ametengeneza kwa Firewatch. Mashabiki wakamiminika kuipa gemu vidole gumba vya chini, kwa wingi. Kuna hoja ya haki katika suala la hakimiliki kutumiwa namna hiyo, siikatai. Lakini kukaa Kahawa West usiku, Mwafrika, nikigundua kwamba kidole changu kiko kwenye foleni moja na vidole vile, kulinipa kichefuchefu kidogo. Sikukiondoa hata hivyo. Mimi nilikuwa na sababu zangu safi, niliona.

Malalamiko haya hayakuanzia hapa pia. Gone Home, gemu ya 2013, inakuweka katika nyumba kubwa tupu usiku wa radi huko Oregon, na kila mchezaji anangoja jini litoke chumbani. Halitoki. Unachokipata ni msichana aliyempenda msichana mwenzake, na wazazi walioshughulika na mengine. Wapo waliokasirika kwamba walitishwa bure. Kuna mchezaji ambaye ukimnyima jini anahisi ameibiwa, na nilikuwa naye kitandani mwangu.

Nikaenda Mombasa Machi iliyofuata. Sikwenda kwa wema. Dadangu alikuwa ameacha kupiga simu, na ukimya wake ulinitisha kuliko simu zake.

Gemu hii ina jambo moja ambalo sijalisema. Delilah akikuuliza kitu, majibu mawili matatu yanatokea kwenye skrini na mstari unaanza kufupika. Usipochagua, muda unaisha, na kimya chako kinahesabiwa kuwa jibu. Delilah anakitambua. Wakati mwingine anaudhika, wakati mwingine anaendelea kuongea peke yake kwa sauti iliyopungua. Mimi nilikuwa nikikitumia sana kimya kile. Nilidhani ni ujanja wa kucheza.

Nyumbani nilikuta mama amekonda na dadangu amenenepa kidogo, ule unene wa mtu anayekula amesimama. Mama aliniangalia, akaniita Athumani. Athumani alikuwa kakake, alifariki nikiwa darasa la nne. Nikamwambia, "Mama, ni mimi." Akasema, "Najua," kwa adabu, kama unavyomwambia mgeni.

Usiku wa pili nikatoa laptopu. Mtoto wa mamangu mdogo, yuko kidato cha nne, bingwa wa FIFA mtaani, ndiye aliyeing'ang'ania kwanza. Akacheza dakika ishirini.

"Kaka, hapa unampiga nani?"

"Humpigi mtu."

"Sasa unafanya nini?"

"Unatembea. Unaongea na huyu mama."

Akanitazama kwa huruma. Akaongeza kwamba kwa kutembea na kuongea hakuhitaji kununua gemu, angeweza kwenda zake Bamburi na bibi ya mtu, akacheka peke yake, akaondoka. Kwa kweli ndiyo uhakiki mfupi kuliko yote niliyosoma na sina uhakika kwamba una makosa.

Dadangu alikuwa amekaa nyuma yetu akichambua mchele. Akasema, "Hebu anza upya nione."

Akasoma maandishi ya mwanzo polepole, akihamisha midomo. Alicheka pale baa. Mbwa alichagua mkubwa, wa kulinda nyumba. Julia alipoanza kusahau akanyamaza, akasogeza sinia la mchele pembeni. Swali lilipokuja, nyumba ya wagonjwa au nyumbani, hakungoja sekunde. Nyumbani. Halafu wazazi wakaja wakamchukua Julia.

"Sasa nimechagua nini?" akauliza.

"Hivyo ndivyo ilivyo. Hata ungechagua ile nyingine."

"Basi walinuliza ya nini?"

Sikuwa na jibu. Henry tayari alikuwa akipanda mlima na mkoba wake.

"Na huyu anaenda wapi?"

"Msituni. Kulinda moto."

"Kulinda moto," akarudia. Akacheka, si kwa ubaya. "Ana miguu huyu."

Alicheza usiku tatu, mama akishalala. Usiku wa kwanza mama hakulala, akaja kukaa nasi chini ya feni, akasikiliza. Kiingereza chake kilikuwa kidogo hata alipokuwa mzima, na sasa kimekwisha, lakini sauti ya Delilah ilimpendeza mno. Mwigizaji ni Cissy Jones, sauti hiyo ilimpa tuzo ya BAFTA ya 2017, na sasa nimeona ilistahili, maana mwanamke asiyekumbuka chakula cha mchana alikaa saa nzima akiisikiliza. "Ana sauti nzuri," mama akasema. "Ameolewa?" Dadangu akamwambia bado. Mama akatikisa kichwa. "Huyu mwanamume anayeongea naye ana mke. Inasikika."

Tulitazamana na dadangu.

Hakucheza kama mimi. Kwanza, hakunyamaza hata mara moja. Delilah akiuliza, yeye anajibu, hata jibu la mkato, hata la uongo. Nikamwambia unaweza kuacha muda uishe. Akasema, "Mtu anakuita usimwitikie?" Pili, njama haikumshika hata kidogo. Zile karatasi zilizonifanya nikae wima alizisoma akapiga mwayo. "Huyo ni mtu tu, ana shida zake," akasema, na alikuwa amepatia saa mbili kabla ya gemu. Kitu pekee alichokuwa akikiulizia, kila siku mpya ilipoanza, siku ya tisa, siku ya thelathini na tatu, siku ya sitini na nne, ni hiki: "Na Julia yuko wapi sasa?"

Australia, namwambia. Kwa wazazi wake.

"Anaendeleaje?"

"Gemu haisemi."

"Huyu hapigi simu?"

Pangoni, Brian alipoonekana, akaweka laptopu chini akaenda chumbani kwa mama. Nikamsikia amesimama mlangoni kimya, anasikiliza pumzi. Akarudi akaendelea. Kuhusu Ned hakusema lolote kwa muda, kisha akasema kwamba yule baba amekaa miaka yote kwenye baridi kwa sababu anaogopa mlango mmoja wa nyumba.

Tukafika mwisho. Nilimwangalia yeye badala ya skrini. Alipanda ngazi za mnara wa Delilah, akakuta hakuna mtu. Nikangoja hasira.

"Eh," akasema. "Angengojea nini?"

"Lakini wamezungumza kiangazi kizima!"

"Wamezungumza." Akafuata maongezi ya mwisho. Delilah akamwambia Henry aende akamwone Julia. Dadangu akanyoosha mkono kwenye helikopta. Majina yakaanza kupanda.

"Ataenda?" akauliza.

"Imeisha."

"Naona imeisha. Nauliza, ataenda?"

Nikamwambia watu hawajui. Nikamwambia wachezaji wengi walikasirika na mwisho huu, hata mimi. Akataka kujua mimi nilikasirikia nini hasa, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kujieleza nikamfungulia maoni yangu. Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Akayasoma kwa sauti, akayatafsiri kana kwamba mama yuko pale.

"Saa nne za maisha yangu ambazo sitarudishiwa."

Hakusema zaidi. Akachukua bakuli zetu akaenda kuziosha, na nilisikia maji yakitiririka muda mrefu kuliko zinavyohitaji bakuli tatu.

Usiku ule nilirudi kuyasoma yale maoni, ya watu wa hasira, wenzangu. Niliyasoma mengi. Wanazungumzia Delilah, wanazungumzia ua na mitambo, bei, saa. Katika yale niliyoyasoma, Julia hayumo. Ni kama kwamba sote tuliruka dakika kumi za mwanzo, tukaanzia msituni. Na yangu pia, nililisoma kama la mtu mwingine, Julia hayumo.

Nadhani sasa najua nilichokuwa nikikitaka pale saa nane usiku. Nilitaka serikali iwe na hatia. Kama kungekuwa na njama, safari ya Henry ingekuwa na maana: alikuwa anahitajika kule, kumbe alikuwa akifichua jambo kubwa, mke angesubiri. Na kama Delilah angekuwa mnarani, amesimama pale na mikono wazi, basi kiangazi kile kingekuwa mwanzo wa kitu, na mtu akianza kitu haulizwi alichokiacha. Gemu ikamnyima vyote viwili. Ikamwacha mtu mmoja tu, mzito, aliyetoka nyumbani kwa sababu nyumbani palikuwa pagumu, na kumwonyesha Ned kama kioo, kisha ikamwita kwa jina lake na kumwambia helikopta hiyo hapo. Nilikuwa nimejivika huyo mtu saa 4.3 nikitumaini atanitafutia udhuru.

Hii haimaanishi kwamba malalamiko yote ni ya wakimbizi kama mimi. Kuna watu wasio na mgonjwa popote ambao waliiona nusu ya pili ikikimbizwa, na wako sawa. Ile kaseti ambayo Ned anaiacha, anaeleza kila kitu kwa pumzi moja, mpaka leo naiona kama uvivu wa mwandishi. Wale wasichana wanafungiwa hadithi yao kwa sentensi mbili kama mtu anayefunga duka. Nilimwambia dadangu hayo yote, kwa kirefu, nikitetea heshima yangu. Akasikiliza. Akasema mambo ya watu huisha hivyo hivyo, kwa sentensi mbili, tena unaambiwa na mtu baki.

Tulibishana kuhusu gemu ile siku nne. Ilikuwa nafuu. Kupitia Henry aliweza kuniambia mambo ambayo kwa jina langu yangekuwa ugomvi. Aliniambia kwamba Henry anadhani akituma mawazo mazuri Australia yanafika. Aliniambia wazazi wa Julia ni wazee, nao wamechoka, na hakuna anayewauliza. Mimi nilimtetea Henry kwa kila nilichonacho. Alikuwa peke yake. Hakujua la kufanya. Alimpenda sana, ndiyo maana hakuweza kumtazama akipotea. Dadangu akasema, "Hilo la mwisho naliamini," na ulikuwa wema mkubwa kuliko niliostahili.

Siku ya Ijumaa alikuwa na harusi Malindi, ya rafiki yake wa chuo. Alikuwa ameshamwambia hataweza. Nikamwambia nenda, mimi nipo. Akanipa maelekezo kama Delilah: dawa ya asubuhi ni nusu, ya usiku ni nzima, wembe wote uko juu ya kabati kwenye kopo la Kimbo, mlango wa nje komeo mbili, akitaka kwenda kwao Pangani usimwambie wazazi wake walikufa, mwambie mashua ni kesho. Akasimama mlangoni na mkoba wake mdogo. Ilikuwa mara ya kwanza kulala nje tangu 2019. Alirudi mara mbili, mara moja kwa sababu ya simu aliyokuwa ameishika mkononi.

Jioni nilimpikia mama uji, akaukataa, akaunywa. Nikafungua laptopu kufuta maoni yangu, nikakuta saa zimepanda: 10.8, za kwangu na za dadangu, Steam haitofautishi. Nilijaribu kuandika mapya. Niliandika mstari nikaufuta, nikaandika mwingine. Sikujua nibonyeze kidole kipi. Ukurasa ulikuwa bado wazi taa za mtaa zilipozimika, na feni ikaanza kupunguza mwendo mpaka ikasimama, na katika kimya kile nikasikia kitanda cha mama kikilia.

"Athumani," akaita.

Nilikaa kidogo gizani. Skrini ilikuwa na chaji bado, inaniangazia mikono.

"Athumani, hupo?"

"Naam," nikasema, nikainuka.